Kiapo cha Nguva

Nguva yupo. Tusipotezeane muda hapo. Nimemwona kwa macho yangu na nimemnusa, na harufu yake haikuwa ya samaki, ilikuwa ya ng'ombe aliyenyeshewa. Wajukuu wangu wakinionyesha picha za mwanamke mwenye mkia, nywele hadi kiunoni, anajikwatua juu ya jiwe, huwa nawaambia waniondolee upuuzi huo machoni. Nguva ni mnyama. Ni mzito, hana nywele za kusuka, na uso wake umevimba kama wa mtu aliyeamshwa usingizini kwa makofi. Anakula majani ya baharini. Lakini ubishi wangu huishia hapo, kwa sababu Kiswahili chetu kina neno moja tu. Yule mnyama ni nguva, na yule wa hadithi, nusu mtu nusu samaki, naye ni nguva. Na mimi kuna miezi niliyolala na kuamka nikiogopa kwamba nimembeba mmoja wao tumboni, na sikujua yupi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, Bagamoyo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha sayansi, na jioni nafundisha kisomo cha watu wazima, kinamama wakubwa kuliko mama yangu wakinipa mkono niwaongoze kalamu. Nilikuwa mkali. Bado ni mkali. Nilikuwa nimeolewa na kijana mvuvi wa mtaa wa Dunda, na tulikaa nyumba moja na mama yake, ukumbi katikati, sisi chumba cha kulia, yeye cha kushoto. Mama mkwe alikuwa mjane, mwembamba, mchache wa maneno, na mume wangu ndiye mtoto wake wa pekee. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, tayari imeanza kusukuma khanga.

Kuhusu mume wangu lazima niseme jambo moja, maana bila hilo hamtanielewa. Alikuwa mtu wa ukweli mpaka anakera. Alilelewa na babu yake aliyekuwa akifundisha Kurani, na babu huyo alimtia hofu ya kuapa uongo kuliko hofu ya moto wenyewe. Ukimwuliza mchuzi umekolea, na chumvi imezidi, atakwambia imezidi. Mwanzo wa ndoa nililizwa na jambo hilo mara nyingi.

Alivua na wenzake wawili kwa jarife, ule wavu wa matundu makubwa wa kunasia papa. Siku hiyo nilitoka shule mchana nikapitia dikoni, pale pwani wanaposhushia samaki, nitafute kitoweo. Nikakuta watu wamejazana, wengine wana visu na mabeseni tayari. Nikapenya kwa mabega kama kawaida yangu, na tumbo langu mbele. Kwenye mchanga kalala nguva jike.

Nilitamani nisimtazame, lakini nilimtazama, tena sana. Alikuwa na matiti mawili kifuani, si tumboni kama ya ng'ombe au mbuzi. Kifuani, chini ya makwapa, na yalikuwa yakichuruzika maziwa. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanivuta kitambaa. "Mwalimu, una mimba wewe! Toka hapo!" Nikamwambia aniache, mimi siamini mambo hayo. Nilisema kwa sauti ili kila mtu asikie.

Sasa, nyama ya nguva kwetu ilikuwa tamu na ya nadra, lakini haikatwi hivi hivi. Aliyemnasa huapishwa kwanza. Sababu yake wazee hawakuisema mbele ya wanawake, ila hakuna mwanamke asiyeijua: nguva jike ana maumbile ya mwanamke, na mvuvi ni mwanamume aliye mbali na nyumbani. Basi mzee wa diko humsimamisha mbele ya watu, naye husema, "Wallahi, billahi, tallahi, sikumgusa." Akishaapa, visu vinaingia. Akikataa, nyama ni haramu, inazikwa. Lakini nani akatae? Wengi huapa huku wanacheka.

Sikumgusa. Kiswahili kina haya, na mnajua kinachosemwa hapo. Mwanamume akilala na mwanamke tunasema kamgusa, kamkaribia, basi, watu wazima wanaelewa. Wenzake wawili wakaapa chapuchapu. Ikafika zamu ya mume wangu, akawa anatazama mikono yake.

"Apa, kijana, jua linatuunguza," mzee akasema.

"Siwezi, mzee wangu," akasema. "Nimemgusa."

Lo! Waliokwisha inua visu wakavishusha. Kisha mtu mmoja akasema, "Astaghfirullah," na mwingine akacheka, na kicheko kikasambaa. Mzee wa diko alijaribu kumwokoa, Mungu amlaze pema. Akamwuliza polepole, "Umeelewa unachoulizwa?" Mume wangu akajibu, "Nimeulizwa kama nimemgusa. Nimemgusa kwa mikono yangu hii. Siwezi kumwapia Mungu uongo kwa ajili ya nyama." Wenzake wakainamisha vichwa. Mimi nikajishikilia kwenye bega la yule yule mwanamke niliyemwambia aniache.

Nyumbani nilimvaa hata hajaketi. Akanieleza. Walipofika kwenye wavu nguva alikuwa bado hai, kanasa chini, anataka kupanda juu avute pumzi na wavu unamvuta. Mume wangu akajitosa. Akamkumbatia kwa nyuma, mikono chini ya yale mapezi, akampandisha pua juu ya maji wakati wenzake wanahangaika kumnasua kwenye wavu. Nguva alimpumulia usoni, alisema, pumzi ya joto kama ya mtu. Kisha pumzi ikaisha akiwa mikononi mwake.

"Sasa ningeapaje kwamba sikumgusa?"

"Si ungesema hivyo hivyo unavyoniambia!"

"Niseme nini mbele ya watu? Kwamba nilimkumbatia kifuani mpaka akafa?"

Kweli, angeyasema hayo pale dikoni ndio angekuwa amejimaliza kabisa.

Nguva akazikwa mchangani, na waliokosa nyama ndio waliokuwa wakali kuliko wote. Kabla ya wiki kwisha hakuna chombo kilichomtaka mume wangu. Wenzake wa jarife walimwambia kwa adabu wanapumzika, kesho yake wakaingia baharini na mtu mwingine. Akaenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya chumvi, akawa anarudi miguu imepasuka. Hilo tungelistahimili. Lililonitisha mimi lilikuwa ni lile la kubemenda.

Mwanamume ambaye mkewe ana mimba au ananyonyesha, akitoka nje akalala na mwanamke mwingine, kisha akarudi nyumbani, kwetu husemwa amembemenda mtoto. Mtoto hudhoofu, huharibika, huchukua kitu cha yule mwanamke wa nje. Hii haikuwa habari ya kunong'onezwa, iliongelewa sokoni kama homa. Basi wanawake wakapiga hesabu zao. Mume wa Mwalimu katoka nje. Wa nje ni nguva. Mtoto je, atachukua nini?

Mimi nikawajibu kwa kiburi. Niliwaambia mimba yangu ilitangulia, miguu na mikono ya mtoto ilikuwa imekwisha umbika kabla jarife halijatupwa. Nikawaambia mnyama na mtu hawazai pamoja. Wakaitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Na nikigeuka nasikia wanasema, "Maskini."

Darasani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu watoto hawana simile. Msichana mmoja wa darasa la sita, hodari kuliko wote, alisimama akauliza, "Mwalimu, mtu na nguva wanaweza kupata mtoto?" Macho yote yakawa kwenye tumbo langu. Nikasema hapana, kila aina ya kiumbe huzaa aina yake. Akasema, "Lakini Mwalimu, ulitufundisha punda na farasi huzaa nyumbu." Nikamwambia hao ni ndugu wa karibu. Akafikiri. "Na mtu na nguva si ndugu? Ulisema wote hunyonyesha, wote wana damu ya moto, na wote hupumua kwa mapafu." Nilimwambia akae chini. Kila alichosema nilikuwa nimekisema mimi.

Nikaanza kujipima mwenyewe. Nilikuwa naketi peke yangu darasani wanafunzi wakishaondoka, nikiyaita mazimwi yote niliyotishwa nayo utotoni, moja moja, na kuyahoji. Joka la vichwa saba: kichwa kipi kitaamuru mwili usogee wapi, na vyote saba vikitaka kumeza kwa pamoja koo zitakutana wapi? Haliwezi kuishi. Zimwi linalomeza kijiji kizima: tumbo gani, mifupa gani itabeba uzito huo bila kuvunjika? Halipo. Chunusi, yule anayewavuta waogaji chini ya maji: akiwa ana mikono ya kukamata na nguvu ya kumzidi mtu mzima, atahitaji kuvuta hewa, na akija juu kuvuta hewa tungekwisha mwona. Nikawaua wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliyekufa nilipata nafuu.

Nguva tu ndiye aliyekataa kufa. Kwa sababu yeye nilikuwa nimemwona. Katika kitabu cha kufundishia kulikuwa na mchoro wa mifupa ya pezi la mnyama wa baharini, na ndani ya pezi kulikuwa na mkono. Kiwiko, kifundo, vidole vitano, vimefungwa ndani ya ngozi moja kama ndani ya mfuko. Nilikuwa nimefundisha mchoro ule bila wasiwasi wowote. Sasa nilifikiri: kama mkono unaweza kufungwa hivi ukawa pezi, miguu je? Na mtoto alikuwa anapiga teke, lakini teke lake lilikuwa moja, zito, kwa pamoja, halafu kimya. Sikuwahi kusikia mawili. Niliketi kwa muda mrefu nikiwa nimeshika tumbo, nasubiri teke la pili.

Siku moja baada ya alasiri akaja mkunga kunichua tumbo kwa mafuta ya nazi. Alikuwa bibi wa makamo, mkunga binti wa mkunga, nusu ya Dunda imepita mikononi mwake au mwa mama yake. Alikuwa na kawaida ya kuzungumza bila kukoma anapochua. Kati ya mazungumzo mikono ikasimama, na maneno yakasimama.

"Kichwa hiki hapa," akasema. "Mgongo huu. Miguu yake siipati vizuri. Naona imeshikana."

"Kaikunja," nikasema.

"Huenda, Mwalimu. Huenda."

Akamtazama mama mkwe aliyekuwa amekaa mlangoni, mama mkwe akatazama pembeni. Wakatoka uani kwenda kunawa. Mimi nikafumba macho nikajifanya nimelala, na dirisha dogo la kuelekea uani lilikuwa wazi.

Nikamsikia mama mkwe anauliza, "Akitoka vile, utafanyaje?"

"Kama ilivyofanywa," mkunga akajibu. "Tutamrudisha baharini kwao."

"Hata akiwa analia?"

"Hao ndio hulia, dada yangu. Usiponyamaza wewe, atanyamaza nani?"

Maji yakamwagika, wakawa wananawa. Mpaka hapo nilikuwa naogopa kitu kilicho ndani yangu. Kuanzia hapo nikawaogopa walio nje zaidi. Akizaliwa na kasoro yoyote, kidole tu kimeungana na kingine, wanawake hawa wawili watamchukua mwanangu hai wampeleke majini, na mtaa mzima utaitikia kwamba ndivyo ilivyopaswa.

Nilimwambia mume wangu. Akasema, "Mama yangu? Mama yangu hata kuku hachinji." Nikamwambia nimesikia kwa masikio yangu. Basi yule mtu wa ajabu akaondoka moja kwa moja akaenda kumwuliza mama yake kama anavyouliza bei ya sukari. Nikamsikia ukumbini: "Mama, mtoto akizaliwa na kasoro mtamtupa?" Akarudi chumbani akakaa kitandani.

"Kasemaje?"

"Hakusema kitu. Lakini hakukana."

Kwa mtu mwingine ningesema labda hakusikia vizuri. Huyu alikuwa hasikii vibaya wala hatii chumvi. Usiku ule tulikubaliana nitajifungulia hospitali, liwalo na liwe.

Nilikwenda hospitali nimwone daktari, mtu wa bara, mpole, Kiswahili chake cha vitabuni. Nilijifanya nauliza kwa ajili ya wanafunzi. Je, kiumbe nusu mtu nusu nguva anaweza kuwapo? Akacheka kidogo, akasema haiwezekani kabisa, mbegu za viumbe hao wawili hazipatani, hata mimba haiingii. Nilifurahi karibu nimbusu mkono. Nikainuka niende. Laiti ningekwenda!

Yeye kwa wema wake akaongeza, "Lakini hadithi kama hizi mara nyingine zina chanzo, Mwalimu. Wako watoto wanaozaliwa na miguu iliyoungana ikawa mmoja, unachongoka kama mkia. Ni nadra mno. Wazazi wao ni watu kama mimi na wewe, ni mwili tu uliokosea tangu siku za mwanzo za mimba, na hatujui kwa nini. Wengi hawaishi."

Nikaketi tena. "Kwa hiyo inawezekana."

"Mtoto wa aina hiyo anawezekana. Ila ni mtu, Mwalimu, si samaki."

Maneno ya mwisho hata sikuyasikia. Nilikuwa nimekwenda kuambiwa haiwezekani, nikaambiwa inawezekana, tena bila nguva, bila kiapo, bila kosa la mtu yeyote. Nilikuwa nimejiliwaza kwamba wanawake wa sokoni ni wajinga. Sasa hata ujinga wao sikuwa nao wa kuupinga. Daktari akanipima, akasikiliza moyo wa mtoto, akasema uko sawa. Nikamwuliza miguu. Akasema, "Miguu hiyo tutaiona akitoka, mama, mimi sina macho ya kupenya tumbo." Akaniambia nije hapo hapo uchungu ukianza, nisichelewe.

Nilichelewa. Siku yenyewe niliamka na maumivu ya mgongo, nikadhani ni kusimama sana. Mume wangu akaenda kwenye chumvi. Mimi nikaenda shule na kiburi changu, nikafundisha kipindi cha kwanza, cha pili kikanishinda, nikarudi nyumbani nikishika kuta. Maji yakamwagika ukumbini. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, nipelekwe hospitali." Akanitazama, akaniwekea mkono tumboni, akasema, "Hufiki, mwanangu. Huyu yuko njiani." Akamtuma mtoto wa jirani mbio akamwite mkunga.

Mkunga alipofika nilipiga kelele ambazo mpaka leo nazionea haya. Niliwaambia naomba mlango uachwe wazi. Wakaufunga, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Nikamwomba mama mkwe amwite jirani aingie awe shahidi, akasema, "Tulia, nipo mimi." Kuwapo kwake ndiko kulikonitia hofu! Chumba kilikuwa na giza, dirisha limezibwa kwa khanga, na wale wawili wananong'ona. Kila uchungu ulipokuja nilijaribu kumzuia mtoto. Mkunga akanipiga paja kofi. "Unafanya nini wewe? Unataka kumuua?" Nikamjibu nimeuma meno, "Nyinyi ndio mnataka."

Mtoto akatoka. Nilimsikia akilia mara moja tu. Mkunga akakata kitovu, akamfunika kwa khanga, akainama tena kwangu kushughulikia kondo ya nyuma. Hakuna aliyesema ni mwanamume au mwanamke. Hakuna aliyepiga vigelegele. Nikasema, "Nipeni." Na hapo nikamwona mama mkwe anamnyanyua mtoto, anampakata kifuani, anafungua mlango, anatoka.

Mkunga akapiga ukelele, "We! Unakwenda naye wapi?" Nikasikia komeo la mlango wa ua likivutwa, mlango ule wa nyuma unaoelekea pwani.

Wanasema mwanamke aliyetoka kujifungua hawezi kusimama. Mimi nilisimama. Nilimsukuma mkunga akaanguka juu ya beseni, nikatoka nimejishika kuta, damu inanitiririka miguuni, naita jina la Mungu na matusi kwa pamoja. Uani kulikuwa na jua kali la mchana. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kabisa. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele yake, juu ya mchanga, khanga kaifunua, mtoto uchi juani anapepesa macho. Kashika mguu mmoja mkono huu, mguu mwingine mkono ule. Alikuwa anaitenganisha, anaikutanisha, anaitenganisha tena.

"Miwili," akasema. Machozi yalikuwa yanamdondokea mtoto tumboni. "Mwanangu, tazama. Miwili."

Nilimnyang'anya. Alikuwa mtoto wa kike, vidole kumi, hana hata baka. Nikakaa pale pale mchangani, nikamfunika kwa mwili wangu, na mkunga aliposogea nikamwonyesha meno kama paka.

Siku zilizofuata sikumpa mama mkwe mtoto. Maji ya kumwogesha alichemsha yeye, na mimi nilisubiri aweke ndoo aondoke, ndipo niogeshe. Mume wangu aliona, akaniacha. Siku ya saba mtoto akapewa jina, ubani ukachomwa, wanawake wa mtaa wakajaa ukumbini, wale wale wa "maskini," sasa wanambusu nyayo. Ikawa ule ubishi wa kila nyumba yenye mtoto mchanga: kafanana na nani. Huyu anasema masikio ya mama yake, yule anasema mdomo wa bibi yake. Mama mkwe alikuwa anakusanya sinia, hakuchangia.

Walipoondoka wote, nilimwita. Nilikuwa nimechoka kuogopa. Nikamwambia, "Mama, siku ile ulikuwa unampeleka wapi mwanangu?"

Akaweka sinia chini. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mbali kidogo na mtoto, kama mtu aliyekwisha zoea kukatazwa.

"Mumeo si wa kwanza," akasema. "Nilizaa mwingine kabla yake. Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Mwaka ule baba yake alinasa nguva, akaapa mbele ya watu, vizuri kabisa, nyama ikaliwa, na mimi mwenyewe nikala. Na bado mguu ulikuwa mmoja."

Nikamvuta mtoto karibu, nikamshika nyayo.

"Mama wa huyu mkunga ndiye aliyempokea. Ndiye aliyetoka naye, kwa mlango ule ule. Wakaniambia kazaliwa kafa. Lakini nilimsikia, mwanangu. Nilimsikia analia mpaka sauti ikaishia huko chini. Na mimi nilikuwa na nguvu za kuinuka, sikuinuka. Siku ile wewe uliponijia na damu miguuni, nikasema, kumbe mtu anaweza kuinuka." Akafuta pua kwa ukingo wa khanga. "Mkunga alipokuwa kainama, nikasema nimtazame wako mimi kwanza, juani, kabla yake. Mlango nilikuwa nishaufungua. Mguu ungekuwa mmoja, wasingenipata."

"Ungekwenda naye wapi?"

"Hospitali. Kerege kwa ndugu zangu. Sijui. Ningekwenda naye tu."

Nikamsogeza mtoto, nikamweka mapajani mwake. Hakumkumbatia mara moja. Kwanza aliziweka sawa zile nguo, akamfunika miguu vizuri, kama mtu ambaye hahitaji tena kuiona. Nami sijui kwa nini nilimwuliza lile swali ambalo wanawake walikuwa wakiulizana mchana kutwa. Labda kwa sababu kwa mtoto yule hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Yule wako," nikasema, "alifanana na nani?"

"Watu wote walitazama chini," akasema. "Mimi nilimtazama uso." Akawa anampitishia mtoto kidole kwenye paji, kwenye pua. "Mumeo akilala usingizi mzito, mtazame. Ndiye yeye."